Diski Kumi na Mbili za Marehemu

Jumapili hiyo majirani walikuwa wakirudi kanisani, na Adomako alikuwa uani kwake Bantama, Kumasi, akikata kasha la kompyuta kwa grinda. Cheche zilimrukia magotini. Mkewe, Pinamang, alikuwa amelikumbatia kasha lisicheze, uso ameugeuzia ukutani kama mtu anayedungwa sindano.

"Ukikata zaidi ya hapo itabaki sinia," alisema.

"Wewe shika tu. Mke wa fundi ni fundi."

"Mke wa fundi ni mjane wa Jumapili."

Jirani mmoja alichungulia juu ya ukuta na Biblia yake mkononi. "Adomako, hilo jeneza la nani? La panya?"

"La mdomo wako," Adomako akamjibu, wala hakuzima grinda.

Kasha lenyewe lilikuwa kuukuu, la chuma kizito, limetupwa na ofisi fulani na yeye akalinunua kwa kilo. Lilitengenezwa liweke diski nne. Adomako alitaka liweke kumi na mbili, na Adomako akitaka kitu alikuwa mkaidi kama punda. Alilitoa tumbo lote, akaenda kwa wachomeleaji wa gereji za Suame wakamtengenezea vishubaka vya chuma, ghorofa tatu, kila ghorofa diski nne. Kati ya diski na chuma alipachika vipande vya raba alivyokata kwenye malapa ya zamani, maana diski inapozunguka hutetemeka, na zikitetemeka kumi na mbili pamoja bila kizuizi zinauana. Feni zilikuwa tatu: mbili mpya, na moja aliipora kwenye mashine ya fotokopi iliyokufa. Kitu kile ukikitazama ungecheka, na watu walicheka sana.

Lakini humo ndimo ulimokuwa mkate wa nyumba ile. Kwa miaka kumi na tisa Adomako alikuwa mpiga video wa mazishi, na Kumasi maiti haiendi ardhini bila kamera. Watu huzika, hulia, halafu hurudi. Hurudi mwaka ukitimia, hurudi mjukuu akija kutoka ng'ambo akitaka kumwona bibi aliyemlea mama yake. Lakini kanda za zamani zilikuwa zimeanza kuota ukungu, na diski ndogondogo zilikuwa zinakufa moja moja droo kwa droo, kila moja ikiondoka na familia thelathini. Pinamang ndiye aliyekata na kuunga picha. Asubuhi aliuza uji na bagia barabarani, mchana wote alikaa mbele ya kompyuta na wafu wa watu. Kwenye zile diski kumi na mbili, zilizonunuliwa moja moja kwa muda wa miezi kumi na minne, tano zilitoka kwenye sufuria ya uji.

Siku taa kumi na mbili za kijani zilipowaka kwa mara ya kwanza, Adomako alimwita mkewe na binti yao Dufie.

"Sikilizeni. Hizi si diski kumi na mbili. Hii ni diski moja. Kila picha nimeikatakata, kipande hapa, kipande kule. Ukichomoa moja ukaenda nayo kwako, hupati hata sikio la mtu."

"Na ikifa moja?" Dufie aliuliza.

"Ikifa moja, wenzake wanajua ilichokuwa nacho. Zikifa mbili, bado wanajua. Kumi zinatosha. Zikibaki tisa..." Akapuliza kiganja chake kitupu.

"Kumbe ni kama ukoo," alisema Pinamang.

"Ukoo? Kwenye ukoo akifa mmoja, wengine wanagombea suruali yake."

Wakacheka wote watatu.

Wiki tano baadaye, siku ya Jumamosi, Adomako alianguka Offinso kwenye mazishi ya watu, kamera ikiwa begani. Presha, walisema. Hakufika hospitali.

*

Siku arobaini zilipotimia ukoo ulikuja kukaa kikao sebuleni kwa Pinamang. Walikaa kwenye viti vyake na kunywa maji yake. Mali ya mtu ni ya ukoo wa mama yake, na mke si wa ukoo, wala mtoto wake. Hilo Pinamang hakuhitaji kuambiwa, kwao pia ni hivyo hivyo. Yeye mwenyewe aliwahi kupewa kitambaa kutoka sanduku la mjomba wake, akakishona, akakivaa, na hakumuuliza mjane alilala vipi. Sheria ya serikali ipo, tena nzuri. Lakini sheria inakaa ofisini, na ukoo umekaa sebuleni kwako.

Mkuu wa ukoo alikuwa Opanin Takyi, mjomba wa marehemu, mkulima wa kakao, mzee mpole asiyewahi kupandisha sauti. Shamba likaenda kwa watu wa ukoo walioko Offinso. Gari bovu likaenda kwa Maame Birago, dada wa marehemu. Kamera ikaenda kwa Boakye, mtoto wa kwanza wa Birago, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu. Pinamang alitazama vyote vikienda na akanyamaza. Ndipo Boakye aliponyoosha kidole pembeni.

"Na hiyo inayonguruma?"

Pinamang angeweza kusema ni vyuma vikuukuu. Angesema ni friji. Lakini mdomo uliponza kichwa.

"Hiyo msiiguse, jamani," alisema Pinamang. "Humo mna diski kumi na mbili, na kila moja ilinunuliwa kwa zaidi ya sidi elfu mbili. Tano nimenunua mimi!"

Macho yote yakageukia kasha. Watu walikuwa wanazidisha bei kichwani.

"Tano umenunua wewe kwa fedha ya nani?" aliuliza Birago.

"Ya uji wangu, wifi."

"Uji uliupikia kwenye nyumba ya nani?"

Opanin aliinua mkono, Birago akanyamaza. "Kumi na mbili. Basi ni jambo jepesi, linagawanyika."

"Haligawanyiki, Opanin. Zote ni kitu kimoja. Mkizitenganisha hakuna atakayepata chochote."

"Mke wetu, mimi ni mkulima. Ukiniambia shamba la ekari kumi na mbili haligawanyiki, nitakuelewaje?"

"Si shamba. Ni kama kitabu. Mkigawana kurasa, nani atasoma?"

"Mama Dufie," Boakye aliingilia, kwa sauti ya mtu anayemfunza mtoto, "mimi hizi ndizo kazi zangu. Diski ni diski. Unachomeka, unatumia."

"Kijana anajua," walisema watu wa Offinso, na walionekana wamefurahi kwamba kijana anajua.

Zikagawanywa. Boakye alizifungua kwa bisibisi ya marehemu mwenyewe. Opanin mbili, Birago tatu, Boakye mbili, mdogo wake Sarpong mbili, watu wa Offinso tatu. Birago alizitia zake kwenye mfuko wa nailoni pamoja na nyanya. Pinamang alipoona zile nyanya, kitu kilimkatika.

"Mnamgawana Adomako mwenyewe!" alipiga kelele. "Fisi wana haya kuliko nyinyi!"

Opanin alisimama, akajifunga kitambaa chake vizuri begani. "Neno hilo tumelisikia," alisema taratibu. "Kasha tunamwachia mjane. Asije mtu akasema ukoo huu hauna huruma."

*

Mteja wa kwanza kuja alikuwa mama aliyetaka video ya mazishi ya baba yake kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka. Pinamang alimwambia aje wiki ijayo. Wiki iliyofuata akamwambia vivyo hivyo. Wa tatu alimtukana mlangoni, wa nne alikuwa mpole na huyo alimuuma zaidi. Mwisho wa mwezi ule kazi ya mchana ikawa imekufa, umebaki uji peke yake, na uji haulipi ada ya Dufie.

"Kumi," alimwambia binti yake. "Nikipata kumi tu."

Mkono mtupu haulambwi, na Pinamang hakuwa na fedha. Alikuwa na vitambaa: pea sita za vitenge vya nta alizoanza kuziweka tangu usichana, ambazo mwanamke wa Kumasi huziweka kwa ajili ya uzee wake na jeneza lake. Akaenda navyo kwa Birago.

Birago alivipekua vyote na kuchagua cha kijani chenye ndege, ambacho Adomako alimnunulia Pinamang alipomzaa Dufie. Akajifunga palepale, akageuka mbele ya kioo.

"Kimenikaa?"

"Kimekukaa, wifi."

"Mbona hukiangalii?"

Pinamang akakiangalia. Akapewa diski tatu, bado zina harufu ya nyanya.

Sarpong alimpa zake mbili bure. Hakumtazama usoni, alisema tu, "Mimi nilikuwa nimekaa pale, Mama Dufie, sikusema kitu," akaingia ndani. Zikawa tano. Offinso walikubali vitambaa viwili, ila diski moja walimpa mtoto achezee na mtoto akaitumbukiza kwenye pipa la maji. Walimletea ikiwa inachuruzika, wakaona ajabu kwamba hakuifurahia. Mbili zilikuwa nzima. Saba.

Boakye alikuwa kibandani kwake. Moja alikuwa ameifuta, ameijaza mechi za mpira na sinema. "Ilikuwa inaniambia haina kitu," alijitetea. "Ningejuaje?"

"Nilikuambia mbele ya watu, Boakye."

"Uliniambia kwa kulia. Mtu akilia nani anamsikiliza?" Ya pili alikuwa ameifungia kwenye plastiki, hajaigusa. "Hii nitakuuzia kwa bei ya soko. Usinichukie, biashara ni biashara."

Pinamang aliuza sufuria zake mbili kubwa za uji, akanunua kitu alichokwisha kukinunua. Nane. Mbili zimekufa, na mbili zilizobaki zilikuwa kwa Opanin Takyi. Hapakuwa tena na ya akiba.

*

Aliyemtukana mkuu wa ukoo haendi kwake kuomba kitu. Huenda kwanza kuomba msamaha, na haendi peke yake. Pinamang alimtafuta mjomba wake amsemee. Walibeba chupa mbili za jini, trei ya mayai na kondoo aliyepatikana kwa vitambaa vitatu vya mwisho. Opanin alikuwa amewaita watu walewale waliokuwa sebuleni siku ile, kwa kuwa tusi lilisemwa mbele yao na lazima lifutwe mbele yao.

Pinamang alipiga magoti kwenye saruji. Mjomba wake alisema yanayosemwa: kwamba huzuni ilimpanda kichwani, kwamba ulimi hauna mfupa, kwamba wagombanao ndio wapatanao.

"Tumesikia," alisema Opanin. "Lakini aliyesema neno ndiye alirudishe."

"Fisi ni nani?" aliuliza Birago. Alikuwa amevaa kile cha kijani chenye ndege, ameshakishona.

Pinamang aliitazama saruji. "Fisi ni mimi."

Jini ikamiminwa kidogo chini, iliyobaki ikanywewa. Opanin aliingia chumbani, akatoka na kifurushi cha leso nyeupe kinachonuka kafuri. Zilikuwa diski zake mbili, hazina hata vumbi. Alikuwa ameziweka kwenye sanduku la shanga za marehemu mama yake. "Sikuzigusa," alisema. "Mali ya maiti haichezewi." Pinamang alimshukuru kwa moyo wote, na moyoni akajuta kwamba alimtukana huyu badala ya wengine.

"Jumapili nitakuja kwako," aliongeza mzee. "Ulisema ni kitu kimoja. Nataka nikione."

*

Walikuja watatu: Opanin, Birago na Boakye. Pinamang alizipachika diski kumi mbele yao, moja baada ya nyingine, kila moja akiibana na raba zake. Vishubaka viwili vikabaki wazi. Akawasha. Feni ya fotokopi ikakohoa, ikashika. Taa zikaanza kuwaka, lakini kwenye skrini hapakutokea kitu, dakika moja, dakika nne.

"Imekufa," Boakye alinong'ona, kama mtu anayeshinda dau.

"Inahesabu," alisema Pinamang, na jasho lilimtiririka mgongoni.

Kisha ikafunguka. Miaka kumi na tisa ikajipanga kwenye skrini, jina kwa jina, mtaa kwa mtaa. Dufie alipiga kofi moja, akajizuia.

Opanin alijisogeza mbele kwenye kiti. "Mama yangu... yumo?"

Pinamang alijua yuko wapi bila kutafuta. Haikuwa video ya mazishi. Ilikuwa ya mwaka mmoja kabla, siku Adomako alipokuwa anajaribu kamera mpya uani Offinso. Nana Afrakoma alikuwa kwenye kigoda akimenya ndizi, mdomo haumtulii. "Kijana, ondoa hicho kidude usoni pangu," alisema, na sauti ya Adomako ikacheka nyuma ya kamera: "Nana, tazama huku kidogo tu." Bibi akatazama. Halafu akageuza kichwa akaita kwa nguvu, "Takyi yuko wapi? Mwambieni aje ale kabla fufu haijapoa!"

Mzee wa miaka sabini na mmoja alijifunika uso kwa kitambaa na mabega yakamtikisika. Birago alilia waziwazi. "Rudisha," Opanin alisema. Pinamang akarudisha. Akarudisha mara tano. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi njaa, njaa nzuri ya mtu mwenye afya, akawaza kwamba wakiondoka atapika.

Opanin alijifuta macho. "Mke wetu, ulikuwa na haki. Kitu hiki hakigawanyiki. Sisi ndio tuliokosa."

"Asante, Opanin."

"Na kitu kisichogawanyika ni cha ukoo wote. Mama yangu hawezi kulala kwa watu baki."

Pinamang alidhani hakusikia vizuri. Akamtazama Birago, na Birago akatazama mikono yake mwenyewe.

"Opanin, kasha mliniachia. Mlisema mbele ya watu."

"Tutakununulia jingine, zima, siyo hili lililokatwakatwa."

"Na diski? Nimetoa vitambaa vyangu. Nimeuza sufuria. Nimeleta kondoo!"

"Kondoo alikuwa wa msamaha," alisema mzee, wala hakuwa anadhihaki, alikuwa anamweleza. "Msamaha haununui kitu. Boakye atakuwa akiiendesha, wewe utamwelekeza. Wateja waje kwa ukoo. Na wewe hatutakusahau."

"Na baba yangu?" Dufie aliuliza. "Sauti ya baba yangu imo humo."

"Baba yako ni wetu, mwanangu," Opanin alimjibu kwa upole.

Walitoka kwenda kuandaa gari. Dufie alimkamata mama yake mkono. "Mama, chomoa moja. Moja tu. Zitabaki tisa."

Pinamang alikuwa ameshaweka vidole kwenye kishubaka cha chini. Alihisi diski inavyotetemeka ndani ya raba. Kuivuta ilikuwa kazi ya pumzi moja, na Birago na ndege wake wa kijani, na Boakye na bei yake ya soko, wote wangerudi kwao na vyuma. Alitaka. Alitaka mpaka meno yakamuuma. Lakini kwenye kila jina lililokuwa kwenye skrini ile kulikuwa na mwanamume nyuma ya kamera anayesema, tazama huku kidogo tu, na hapakuwa na mahali pengine popote duniani alipokuwa bado anasema.

Akaondoa vidole. Akaizima mashine inavyotakiwa kuzimwa, akingoja kila taa ilale. Dufie alimwachia mkono, akaenda kusimama uani.

Boakye aliingia, akalinyanyua kasha kwa ubavu kama gunia la mihogo.

"Siyo hivyo!" Pinamang alipiga kelele. "Utazigonga! Lete hapa."

Akalibeba mwenyewe. Akapanda nalo pikapu ya ukoo, akalipakata njia nzima hadi nyumbani kwa Opanin, na kwenye kila shimo aliinua magoti ili mshtuko uishie kwenye mapaja yake. Sebuleni kwa mzee aliunganisha waya, akawasha, akasubiri. Kumi za kijani. Akamwonyesha Boakye feni ya kusafisha kila mwezi, na pa kubonyeza umeme ukikatika. Akamtajia neno la siri, ambalo lilikuwa tarehe aliyozaliwa Dufie. Boakye aliliandika mara moja, kisha akalibadilisha palepale, akigeuza kidogo bega lake ili Pinamang asione anachoandika.

Opanin alimsindikiza hadi barazani. Alikuwa na furaha, na macho yake yalikuwa bado mekundu. "Umefanya vizuri sana, mke wetu. Wengine wangefanya ubaya." Akatoa sidi ishirini kwenye mfuko wa shati. "Nauli hii."

Bantama ilikuwa mbali, pikapu haikuwa inarudi, na kwenye mkoba wa Pinamang hamkuwa na kitu. Alizipokea kwa mkono wa kulia, akasema asante.